Sura ya Tano: Mwanangu Atapona Lini?

Swali hili mara nyingi huulizwa mlangoni. Mama amekaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja asubuhi, na mtoto wake wa miaka minne amelala sakafuni akizungusha gurudumu la kigari cha plastiki. Zamu yao inafika. Daktari anaeleza kwa dakika kumi kwamba mtoto ana usonji. Mama anasikiliza, anapokea karatasi, anamfunga mtoto viatu. Wakishafika mlangoni ndipo anapogeuka: "Sasa daktari, atapona lini?"

Nimelisikia swali hili kwa akina mama, kwa mababu, kwa walimu wa darasa la kwanza, na kwa shehe mmoja aliyekuwa akimsomea mtoto dua kila Ijumaa kwa mapenzi ya kweli. Ndani yake hujificha maswali mengine ambayo mtu huona uzito kuyatamka. Ataongea? Shule watampokea? Siku nikifa, ataishi na nani?

Nalijibu moja kwa moja, kwa sababu wazazi wamezungushwa vya kutosha. Usonji hauponi kama malaria inavyopona. Mtoto amezaliwa nao na atazeeka nao. Dawa ya kuuondoa haipo, na anayekuuzia, iwe ya vidonge, ya mizizi au ya sindano, anakula fedha yako.

Hapo huja swali la pili: kama haponi, kliniki tunampeleka kufanya nini? Msaada upo, tena mwingi. Ila kuna msaada unaomwezesha mtoto kuishi vizuri akiwa yeye mwenyewe, na kuna mazoezi yanayomfundisha aonekane kama mtoto wa jirani. Huwezi kuyatenganisha kwa kutazama bango la mlangoni wala ada. Fungua faili la mtoto, usome malengo yaliyoandikwa, na kwa kila lengo ujiulize: hili ni la nani?

Maneno ya kuanzia

Usonji ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi. Unagusa jinsi mtu anavyowasiliana, jinsi anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso, na jinsi anavyopenda mambo yaende kwa mpangilio anaoujua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hali nyingine za jamii hiyo ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika kwa mtu ambaye akili yake ni timamu kabisa, na ile ambayo madaktari huifupisha ADHD: umakini unaoyumba pamoja na mwili usiotulia.

Anuwai ya ubongo ni wazo linalozikusanya hali hizi zote. Aliyewahi kusikia neno bayoanuwai atalielewa upesi. Msitu una mivule, mikwaju, migunga na majani ambayo hatuna hata majina yake, na hakuna mtaalamu anayesema mkwaju ni mvule ulioharibika. Katika miaka ya 1990 watu wenye usonji walianza kujadiliana wao kwa wao, wakasema bongo za binadamu nazo ziko hivyo. Mwaka 1998 wazo hilo liliandikwa na Judy Singer wa Australia katika tasnifu yake ya chuo kikuu, na katika mwaka huohuo mwandishi wa Marekani Harvey Blume akalitumia katika jarida la The Atlantic.

Tiba inayokubali utofauti ni msaada wa kitaalamu unaoanzia hapo. Mtaalamu hashiki mfano wa mtoto wa kawaida mkononi ili apime upungufu wa huyu aliye mbele yake. Humsoma huyu kwanza: nini kinamtuliza, nini kinamuumiza, anasema nini kwa mwili wake wakati maneno hayapo.

Kukubali huku hakufuti ugumu. Kwa watu wengi usonji ni ulemavu kamili, wenye haki zote za watu wenye ulemavu. Wapo ambao hawatatamka neno maisha yao yote, na wapo watakaohitaji kuogeshwa wakiwa na miaka arobaini. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Kina dawa, na mtoto apewe dawa. Kukosa usingizi kunatibiwa. Tumbo linalofunga linatibiwa. Hofu kali inatibiwa. Usonji wenyewe ndio usiofukuzwa.

Lawama ilianzia kwa mama

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, akiwa Baltimore nchini Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliofanana kwa namna ambayo vitabu vya wakati ule havikuwa na jina lake. Aliwaeleza kwa makini sana. Lakini aliandika pia kwamba miongoni mwa wazazi wao wachache tu walikuwa na uchangamfu wa mapenzi, na kauli hiyo ikaota mizizi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto huko Chicago, alitoa kitabu kilichodai kwamba mtoto hujifungia ndani ya usonji kwa kukosa upendo wa mama. Akina mama wakaitwa majokofu. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaandika mwaka 1964 kwamba chanzo kiko katika mwili na si katika mapenzi ya mama. Ukweli wake ulishinda, ila baada ya wanawake wengi kuishi miaka na hatia isiyo yao.

Kwetu lawama hiyo ina mavazi mengine. Alivunja miiko akiwa mjamzito. Mimba aliichukia. Kuna jambo upande wa ukoo wake. Siku hizi imeongezeka nyingine: anamwachia mtoto simu. Na ile methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ambayo ina hekima yake, hugeuzwa fimbo ya kumchapia mwanamke ambaye hajalala usiku wa tatu mfululizo. Naandika hili kwa herufi nzito moyoni: malezi hayaleti usonji. Sehemu kubwa ya chanzo chake iko katika urithi, kama ilivyo rangi ya macho na kimo.

Lawama ilipomtoka mama, marekebisho yakamhamia mtoto. Jina kubwa hapa ni Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Njia yake ilikuwa kuvunja kila tendo katika vipande vidogo, kumrudisha mtoto kwenye kila kipande mara nyingi, na kumpa tuzo akipatia. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walitumia pia makofi na hata mishtuko ya umeme kwa watoto. Mwaka 1987 alichapisha matokeo ya watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 kwa wiki, miaka miwili au zaidi, akasema 9 kati yao walifikia hali ya kawaida na hawakutofautishika na wenzao shuleni. Taarifa hiyohiyo inaeleza kwamba "hapana" ya kufokewa na kofi la paja vilikuwa sehemu ya mafunzo.

Kazi hiyo ya Lovaas, pamoja na ya wengine, iliikuza tiba ya tabia inayojulikana kama ABA, ambayo leo ina sura nyingi. Wapo wanaoifanya kwa upole, kwa michezo, bila adhabu yoyote, na nisingependa kuwatia wote kapu moja. Lakini angalia kipimo cha mwaka 1987: mafanikio ni mtoto asitambulike. Hakuna aliyeuliza kama mtoto ana furaha, kama analala, kama ana rafiki. Kwetu tungesema samaki mkunje angali mbichi, na kweli msaada wa mapema una faida kubwa. Ila samaki hukunjwa kwa ajili ya anayemla.

Mwaka 1993, katika mkutano mjini Toronto, mtu mwenye usonji aitwaye Jim Sinclair alisimama mbele ya wazazi. Aliwaambia kwamba huzuni yao ni ya kweli, ila wanamlilia mtoto waliyemtarajia ambaye hakuzaliwa, ilhali aliyezaliwa yupo na anawasubiri. Wazazi wengi hulipokea jambo hilo kwa hasira mara ya kwanza, nami siwalaumu. Ni neno zito kumwambia mtu aliyechoka.

*Kwa ufupi: Usonji haukuletwa na mama, na haujaja kuondolewa. Tiba nyingi za zamani zilipima mafanikio kwa mtoto kufanana na wengine.*

Shamba la Mississippi

Kati ya watoto 11 wa Kanner, wa kwanza alikuwa Donald Triplett, mzaliwa wa mji mdogo uitwao Forest, katika jimbo la Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wamweke kwenye taasisi na wasahau. Walimweka, hawakusahau, na baada ya mwaka hivi wakamtoa. Baadaye, katika miaka ya 1940, walimpeleka akae na mume na mke wakulima jirani na mji wao.

Wakulima wale hawakuwa na cheti chochote cha tiba. Kijana alikuwa na hamu isiyokoma ya kupima vitu. Wakamwambia achimbe kisima na awaletee taarifa ya kina chake. Alikuwa anahesabu mistari ya mahindi, anarudi, anahesabu tena. Wakampa plau na farasi, ahesabu huku akilima. Alikuwa anaokota ndege na wadudu waliokufa. Wakamtengea sehemu ya makaburi. Kanner alikwenda kumtazama na akashangaa jinsi watu wale walivyompa kila tabia kazi yake.

Triplett alimaliza chuo, akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari na kucheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Lazima niseme kwamba familia yake ilikuwa na uwezo na benki ile ilikuwa na mkono wa ukoo wake. Mtoto wa maskini asingefunguliwa milango ile kirahisi. Hata hivyo kisima kilichimbwa kwa jembe, na majembe tunayo. Narudi mara kwa mara kwenye shamba lile kwa sababu lina karibu kila kitu ambacho wataalamu wamekuja kukiandika miaka hamsini baadaye.

Macho

Katika mafaili ya watoto niliyopata kuyasoma, lengo lililojirudia kuliko yote ni hili: mtoto amtazame mtu machoni anaposemeshwa. Limeandikwa kwa sekunde. Wiki ya kwanza sekunde mbili, mwezi wa tatu sekunde tano. Akitazama anapewa biskuti.

Sasa toka nje ya kliniki, uende nyumbani kwa mtoto huyohuyo. Bibi anamwita. Mtoto aliyelelewa vizuri katika nyumba nyingi za pwani na bara anafanya nini? Anasogea, anainamisha kichwa, anaitikia "abee" au "naam," na macho yako chini. Akimkodolea bibi macho kwa sekunde tano ataulizwa amejifunzia wapi utovu wa adabu. Lengo lililoandikwa kwenye faili lilitoka mbali, likavuka bahari na fomu zake, na katika safari nzima hakuna aliyeuliza kwetu watoto hutazamaje wakubwa. Mtoto mwenye usonji akajikuta anafunzwa kwa biskuti jambo ambalo nduguye angekanywa akilifanya.

Jambo la pili ni uzito wa macho yenyewe. Watu wazima wengi wenye usonji wanasema kutazamana kunawaunguza, au kunawajaza kichwa hadi maneno ya msemaji yanapotea. Mwaka 2017 watafiti wa Hospitali Kuu ya Massachusetts walipiga picha za bongo za watu wakati wakielekezwa kutazama macho ya mtu kwenye skrini. Kwa wenye usonji, sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulikia hisia na vitisho ziliwaka kupita kiasi. Anayekwepa macho yako pengine anafanya hivyo ili akusikie.

Nilijifunza hili vibaya. Mpwa wangu alipokuwa na miaka saba nilikuwa namshika kidevu, nageuza uso wake, namwambia, "Nitazame mjomba, nazungumza na wewe." Nilidhani namlea. Alipofika kidato cha tatu aliniambia, bila hasira yoyote, kwamba kila nilipomshika kidevu hakusikia hata neno moja. Alikuwa anahesabu kope zangu akisubiri nimalize. Nilimwomba radhi. Yeye akaendelea kula, macho kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza tuliongea saa nzima.

Mtaalamu anayekubali utofauti hufuta lengo la sekunde tano na kuuliza tulikuwa tunatafuta nini. Tulitaka kujua kama mtoto anasikiliza. Basi tumfundishe njia yake ya kuonyesha: asogee, aguse meza, aseme "nasikia," anyanyue kidole. Na tuifundishe familia kuisoma njia hiyo.

Bei ya kujificha

Walimu husema, "Shuleni hana tatizo lolote, mama ndiye anamdekeza." Mama anasema mtoto akivuka kizingiti cha nyumba tu anatupa begi, anavua sare, anapiga kelele hadi magharibi. Wote wawili wanasema kweli.

Mtoto huyo, mara nyingi wa kike, amegundua kwamba akifanya kama wenzake hatachekwa. Anazuia mikono isipepee. Anacheka wengine wanapocheka. Anakariri sentensi za marafiki na kuzitumia. Kengele ya shule inamchoma masikio na yeye anakaza meno. Wataalamu wameipa hali hii jina, kujificha, nao wameikuta ikiambatana na uchovu mkubwa, huzuni na, kwa watu wazima, mawazo ya kujiua. Tiba inayomzawadia mtoto kwa kutulia bila kuuliza kutulia kwake kumemgharimu nini, inamfunza kujificha kwa ustadi zaidi.

Chukua kupepea mikono, kujitikisa, kuvuma kwa sauti. Nitaiita mijongeo ya kujituliza, kwa sababu ndiyo kazi yake. Wewe pia unayo: unatikisa mguu kwenye foleni ya benki, unazungusha pete, unavuta tasbihi hata usipokuwa katika dhikri. Mjongeo usiomuumiza mtu hauhitaji tiba. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani anahitaji msaada wa haraka, na msaada huanza kwa kutafuta kinachomsukuma: jino linauma? sikio? kuna sauti? Maumivu ambayo mtoto hawezi kuyataja ni kitu cha kwanza cha kukitafuta, kabla ya tabia yoyote.

Nani hamwelewi nani?

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba watu wenye usonji hawaelewi hisia za wengine. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alisema kutoelewana huku kuna pande mbili: nasi wengine hatuwasomi wao. Watafiti wa Edinburgh walitumia mchezo wa kunong'onezana, ule ambao watoto hukaa mstari na kupitishiana hadithi. Katika matokeo yao ya mwaka 2020, mistari ya watu wanane wenye usonji ilipitisha hadithi vizuri sawa na mistari ya wasio nao. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Utafiti mkubwa wa mwaka 2025, wenye watu 311, haukuikuta tena tofauti ya mistari mchanganyiko, lakini uliithibitisha ile ya msingi: wenye usonji wanapashana habari vizuri kama mtu yeyote.

Chumbani kwa mtaalamu

Tuseme mtoto wa miaka mitano anarudia maneno ya tangazo la redio siku nzima. Zamani lengo lingekuwa aache. Mtaalamu wa tiba ya usemi, yaani anayesaidia lugha na mawasiliano, leo atakaa naye na kusikiliza *lini* anarudia. Huenda anasema sentensi ya tangazo la juisi kila anapokuwa na kiu. Hiyo ni lugha. Amechukua kipande kizima kabla hajaweza kukikata. Mama ataitikia: "Kiu. Una kiu. Chukua maji." Taratibu kipande kinakatika na kuwa maneno yake.

Mtoto asiyeongea atapewa njia nyingine mapema: picha kwenye kadi, ubao wa herufi, kishikwambi chenye sauti. Wazazi huogopa kwamba akizoea picha hataongea. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2006 hayakumkuta hata mmoja aliyepungukiwa usemi kwa sababu hiyo, na wengi wao waliongeza. Usimnyang'anye mtu fimbo kwa matumaini kwamba atakimbia.

Lugha ya nyumbani nayo ilindwe. Nimesikia wazazi wakiambiwa waache Kiswahili, au Kisambaa, au Kikamba, wamsemeshe mtoto Kiingereza tu ili asichanganyikiwe. Tafiti za nchi mbalimbali haziungi mkono ushauri huo. Watoto wenye usonji hukua na lugha mbili kama wengine. Mtoto anayetengwa na Kiswahili cha nyumba yake anatengwa na bibi, na hadithi za jioni, na mizaha ya jikoni, halafu tunaandika kwenye faili kwamba hashirikiani na watu.

Kwenye tiba kwa vitendo, inayohusu shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kuoga, kinachotazamwa sana ni hisi. Kwa nini mtoto anapiga mayowe kwa kinyozi? Mashine ya kunyolea inavuma kando ya fuvu, nywele zinachoma shingo, mkono wa mgeni umeshika kichwa. Zamani angeshikwa na wanaume wawili. Sasa atapelekwa siku ya Jumanne kinyozi akiwa hana wateja, ataishika mashine ikiwa imezimwa, ataonyeshwa mkasi achague, atapewa vizibo vya masikio, na atajua neno ambalo akilitamka kila mtu anasimama. Neno hilo ndilo kitovu cha kazi yote. Mtoto aliyefunzwa kutii kila mkubwa anayemshika amefunzwa hatari, na takwimu za ukatili kwa watoto wenye ulemavu tunazijua zilivyo mbaya.

Watu wazima nao wamo. Mtu wa miaka thelathini na tano, mhasibu au mwalimu, anagundua usonji wake baada ya wa mwanawe. Anakwenda kwa mnasihi, anaulizwa, "Unajisikiaje?" naye anakaa kimya, kwa kuwa watu wengi wenye usonji hupata taabu kutambua na kutaja hisia zao. Mnasihi mzuri habaki kwenye swali hilo. Atauliza mwili uko vipi, tumbo limekaza, usingizi ulikuwaje; atakubali majibu ya maandishi; atapunguza taa.

"Kwa hiyo tumwache tu?"

Ndilo pingamizi ninalolipata kila ninapozungumza haya, na lina haki ya kujibiwa. Mtoto anayechomoka kukimbilia barabara ya daladala haachwi. Anafundishwa usalama kila siku, geti linafungwa, majirani wanaambiwa jina lake. Kutumia choo kunafundishwa, kwa sababu kutamlindia heshima yake mwenyewe ukubwani. Kusubiri zamu kunafundishwa. Dunia haitambembeleza, wazazi huniambia, na ni kweli. Ndiyo maana aingie humo akiwa na njia ya kusema hapana, akijua kinachomzidi, na asiwe amechoshwa na kazi ya kujifanya mwingine.

Kuna tatizo la wataalamu pia, na hili halina jibu la haraka. Shahada ya tiba ya usemi ya kwanza Afrika Mashariki ilianza Makerere mwaka 2008 tu. Chuo cha tiba kwa vitendo kipo katika hospitali ya KCMC, Moshi, lakini wahitimu ni wachache kwa nchi kubwa kama Tanzania. Saa 40 kwa wiki za mtaalamu ni ndoto kwa familia zetu karibu zote. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo kwa walezi wenyewe, vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yanayoweza kuongozwa na watu wasio mabingwa, na yamejaribiwa Kenya na Ethiopia. Yanafundisha kucheza na mtoto, kuigeuza kazi ya nyumbani kuwa somo, kusoma ishara zake. Ukiyatazama vizuri utaona ni jirani wa lile shamba la Mississippi.

Unapompeleka mtoto kwa mtaalamu yeyote, uliza haya kabla ya kulipa:

- Lengo hili litamsaidia mtoto vipi, hata kama hakuna mtu anayemtazama?
- Akikataa, mnafanya nini?
- Naweza kukaa chumbani muda wote?
- Akipepea mikono, mtamzuia? Kwa nini?
- Asipoongea, mtampa njia gani ya kusema leo, na si mwakani?
- Mmewahi kuwasikiliza watu wazima wenye hali kama yake?

Ukijibiwa kwamba mzazi haruhusiwi kuingia, mchukue mwanao uondoke.

Bibi anauliza

Turudi kwa yule mama wa mlangoni. Jioni atafika nyumbani, na bibi, aliyekaa kwenye mkeka akichambua mchele, atamwuliza swali lilelile alilomwuliza daktari. Amejibu nini, mwanangu atapona lini?

"Haponi, mama. Ndivyo alivyo. Ila ukitaka kumwita, usimwite kutoka nyuma. Pita mbele, ukae chini kama ulivyokaa sasa, na redio izimwe kwanza. Halafu mpe hizo punje nyeusi azitenge. Hatakutazama. Atakuwa anakusikia."